Chati ya kugeuza wazee imejaa, kidonda kinazidi: inchaji mpya naomba ushauri

Inchaji Mpya

Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi.

Mimi ni muuguzi wa diploma, leseni yangu hai, nafanya kazi hapa Tanga mjini. Kituo ni makazi ya wazee ya taasisi binafsi, jina naomba lipite. Tuna wazee 34. Tisa hawainuki kitandani: wengi wao kiharusi, wawili walivunjika nyonga na hazikuunga vizuri, mmoja kisukari kimemchukua mguu. Waliobaki wanajikongoja na fimbo zao. Yupo bibi mmoja ukimpa kisogo tu unamkuta getini na kifurushi chake, anasubiri gari la Korogwe, anasema mumewe kamtuma mtu aje amchukue. Mume alishafariki zamani.

Aliyekuwa inchaji kahamia Dar, nikaambiwa shika wewe. Nikakabidhiwa daftari la ratiba, muhuri na ufunguo wa kabati la dawa. Uongozi sijasomea. Chuoni kulikuwa na somo la menejimenti, tulilikariri kwa ajili ya mtihani na mtihani ulipoisha nalo likaisha.

Shida yangu ni usiku. Mchana nikiwepo wazee wanaogeshwa, wanalishwa, wanatolewa barazani kupunga upepo. Usiku sielewi kinachoendelea. Tuna chati ya kugeuza, inaning'inia miguuni mwa kila kitanda: saa 2, saa 4, saa 6, saa 8, saa 10, saa 12. Kushoto, chali, kulia. Nikifika asubuhi chati zote tisa zimejaa vema, wino mmoja, mwandiko mmoja, hata mkono uliochoka haukuonekana popote. Na wakati huohuo babu wa kitanda cha dirishani ana kidonda cha kulalia pale juu ya makalio, kwenye mfupa. Kilianza na doa, tukasema joto la Tanga hili, sasa kidole kinaingia.

Babu mwenyewe ni mmoja wa wale wa nyonga. Alikuja Tanga kijana kutoka Kigoma, manamba wa mkonge, mashamba yalipodorora wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki. Hana ndugu hata mmoja anayejulikana. Siku hizi Kiswahili kimemtoka, usiku anapiga kelele kwa Kiha mpaka wazee wengine wanalalamika. Ripoti ya usiku inasema "msumbufu, hakulala". Imeandikwa hivyohivyo kila siku.

La pili ndilo linaninyima raha zaidi. Wahudumu wetu ni mama zangu kwa umri. Mmoja yupo pale tangu mimi nasoma shule ya msingi. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu, halafu hapohapo nimwulize mbona babu hakugeuzwa? Kikao cha asubuhi cha juzi nilimwuliza. Hakutoa neno. Zamu iliyofuata katoka kajifunga kanga imeandikwa HASIDI HANA SABABU, akapita nayo mbele ya dirisha langu taratibu, akarudi kuchukua kitu alichodai kasahau, akapita tena.

Mkurugenzi anasema niandike barua za onyo kwa zamu yote ya usiku. Nimezichapa, zipo kwenye droo. Niwape?

Mkwezi wa Pongwe

Wape. Mimi si mtu wa afya, ni mtu wa utumishi, kiwandani. Kujaza kumbukumbu za kazi ambayo haikufanyika ni kosa la uaminifu, si uzembe mdogo. Muuguzi akifanya hivyo anagusa na leseni yake, Baraza la Uuguzi na Ukunga halichezei mambo hayo.

Ila fuata utaratibu, usije ukashindwa huko mbele CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Kanuni za utendaji bora za 2007 ziko wazi: kabla hujamwadhibu mtu kwa kosa kubwa umpe tuhuma kwa maandishi, umpe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, aje na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi, asikilizwe. Barua ya pamoja kwa "zamu yote" haina maana kisheria. Kosa ni la mtu.

Huyo mama wa kanga mwache, kanga si kosa la kinidhamu 😄

Metroni Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Niko Mabawa, nalea wajukuu na kuuza barafu za ubuyu, lakini wodi ya wanaume niliiongoza miaka mingi na nikamalizia kazi kwenye nyumba ya wazee ya masista. Chati ya aina hiyo naijua hata gizani.

Mkwezi sheria yake iko sawa. Ila kabla hujafungua droo chukua kalamu tupige hesabu ambayo naona hapo kwenu hakuna aliyewahi kuipiga.

Wazee tisa, raundi sita. Hiyo ni kugeuza mara 54 kwa usiku mmoja. Mzee aliyepooza upande mmoja hageuzwi na mtu mmoja, ni wawili, mkishika shuka la kati, mnamnyanyua. Hamumburuzi, maana kuburuza ndiko kunakochuna ngozi. Unaweka mto mgongoni, unanyoosha shuka lisiwe na mkunjo, unainua visigino visiguse godoro, unatazama ngozi. Ukiwa mwepesi, dakika tano, na hapo hajachafua. Mara 54 kwa dakika tano ni dakika 270. Saa nne na nusu, watu wawili wote wakiwa pamoja wanafanya hilo tu. Sasa weka pampasi, weka dawa, weka bibi wa Korogwe, weka anayetaka maji, weka aliyeanguka akienda choo. Hujasema usiku mnakuwa wangapi. Nakisia muuguzi mmoja na mhudumu mmoja.

Kama ni hivyo, hiyo chati inadai kisichowezekana. Na mtu anayedaiwa kisichowezekana kila usiku hawezi kuja ofisini kukwambia haiwezekani, hasa kwa bosi mpya mwenye muhuri. Anakuwekea vema mambo yaishe. Hapo barua ya onyo itakuletea vema zilizonyooka zaidi.

Basi anza na chati. Si kila asiyeinuka anahitaji saa mbili mbili. Kuna kipimo kinaitwa Braden, kimepewa jina la muuguzi wa Marekani aliyekitunga na mwenzake miaka ya 1980. Unampima mzee kwa mambo sita: kama anahisi maumivu au ganzi, unyevu wa ngozi, anatoka kitandani au la, anaweza kujisogeza mwenyewe, anakula nini, na namna anavyoteleza na kusuguana na shuka. Alama ni kuanzia 6 hadi 23. Chache ni mbaya. Akiwa na 18 au chini ya hapo, ana hatari. Wapime wote 34, usishangae ukakuta na wanaotembea wapo, na ukakuta kati ya wale tisa kuna anayejigeuza mwenyewe usingizini. Wenye hatari kubwa ndio wa saa mbili. Wengine wape nafasi.

Na nafasi hiyo ina msingi. Kuna utafiti ulichapishwa 2013, ulifanyika kwenye nyumba za wazee za Marekani na Kanada: wazee waliolala kwenye magodoro mazito ya povu, wengine waligeuzwa kila saa mbili, wengine tatu, wengine nne, na vidonda havikutofautiana kwa maana. Lakini angalia neno godoro hapo. Nenda kitandani kwa babu, penyeza kiganja chini ya godoro pale anapokalia. Ukihisi mfupa wake unakukalia mkononi, hilo godoro limekufa, usimtajie mtu utafiti wowote, tafuta godoro.

Jambo la doa. Mafunzo mengi yanasema tafuta wekundu. Ngozi zetu hazitoi wekundu wa kuonekana kwa tochi ya simu saa nane usiku. Fundisha watu wako kushika. Weka mgongo wa mkono pale kwenye mfupa, kisha pembeni, linganisha: pana joto zaidi? Pamekuwa pagumu, au pamelegea? Rangi imekoza kuliko pembeni? Mzee anashtuka ukigusa? Hapo kidonda kimeshaanza chini kwa chini. Usipasugue na mafuta, watu wanapenda sana kusugua, kusugua juu ya mfupa kunaharibu. Na zile glavu zilizojazwa maji wanazoweka chini ya visigino, nilizikuta kila nilikopita, zitoe. Mto chini ya muundi, kisigino kining'inie hewani, inatosha.

Makabidhiano mnayafanyia wapi? Kama ni ofisini mkiwa mmekaa, hapo ndipo uongo unapozaliwa. Zamu inayotoka na inayoingia, wauguzi na wahudumu wote, wapite kitanda kwa kitanda, shuka lifunuliwe, nyonga na makalio yatazamwe na wote, wasaini wawili. Dakika ishirini. Anayeingia hatakubali kupokea kidonda cha mwenzake bila kukiandika, na anayetoka anajua hivyo. Wewe huhitaji hata kuwepo.

Halafu nenda usiku. Usiende kuvizia, mlinzi atawapigia simu kabla hujashuka kwenye bajaji. Sema mapema kwamba Alhamisi nitafanya zamu na nyie. Uvae viatu vya kazi, ushike upande wa pili wa shuka, ukae mpaka asubuhi. Usiulize maswali ya chati. Utayaona mengi: taa ya korido iliyokufa, ndoo iko wapi, na ufunguo wa stoo ya pampasi na glavu usiku anao nani. Hili la ufunguo liulize kabla ya yote.

Huyo mama yako wa kazi. Kanga isome, usiijibu. Mtu mzima wa Tanga aliyeulizwa mbele ya watu alitaka afanye nini, akujibu na yeye akuaibishe? Mwendee pembeni, shikamoo yako ya kweli, kisha mwulize kazi, si kosa. "Mama, huyu babu ukimgeuza inakuwaje?" Swali la kutaka kujua. Mpaka leo sijaona mhudumu mwenye miaka mingi akikataa kueleza kazi yake kwa anayesikiliza. Na unapompa agizo mpe kwa ukamilifu, nani, saa ngapi, kitanda kipi, bila kuzungukazunguka kwa sababu ya umri wake. Heshima haikuzuii kuagiza. Kunyamaza ili umheshimu ndiko kunakomwacha yeye abebe lawama baadaye.

Na Muha mtafute. Tanga ya mkonge hukosi Muha, awe mpishi, mlinzi au dobi. "Msumbufu" si taarifa ya muuguzi.

Mama Wawili

Mimi si nesi, ni mhudumu, usiku, kituo kingine kabisa huku Muheza. Nimesoma nikacheka nikasikitika.

Metroni kasema kweli kuhusu ofisini. Kwetu makabidhiano ni nesi kwa nesi, sisi tuko nje tunaanika mashuka. Mimi najua bibi fulani kuanzia saa kumi jioni hagusi maji, siyo kwamba hana kiu. Anaogopa kunisumbua usiku nimpeleke choo. Akaja akachanganyikiwa, wakasema malaria, wakapima haipo, wakasema uzee. Alikuwa mkavu. Hakuna aliyeniuliza na mimi sikuwa na pa kusemea.

Ratiba inabandikwa Jumapili jioni kwa wiki inayoanza Jumatatu. Nina watoto wawili, nipange nini hapo? Na mara nyingine saa moja asubuhi nimeshavaa naondoka naambiwa mwenzako hajaja, shika mchana. Nashika. Usiku narudi tena. Halafu anakuja inchaji na shati limepigwa pasi anauliza chati ya saa nane. Dada, saa nane nilikuwa nimekaa chini nimeegemea ukuta na macho yamefunga, nakwambia bila aibu.

Ramadhani ndiyo zaidi. Mabadiliko ya zamu wanaweka saa kumi na mbili na nusu jioni, adhana inalia watu tuko koridoni tunahesabu mashuka na tende mkononi. Nusu saa tu mbele ingetosha. Hakuna anayefikiria.

Mkwezi wa Pongwe

Mama Wawili, hapo kwenye kuunganisha usiku na mchana na usiku tena simama kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kila wiki. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zikizidi ni malipo ya mara moja na nusu. Na kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Vipo kwenye hati zako za mshahara?

Inchaji, kabla hujawasilisha tuhuma kwa mtu yeyote angalia ratiba yako ya miezi michache nyuma. Ukimpeleka kwenye kikao mtu aliyekesha baada ya kushinda kazini, mwenyekiti mwenye akili atauliza hilo la kwanza. Nimeona kesi ikifia hapo. Kwa hiyo narudi nyuma kidogo, zile barua zikae droo.

Inchaji Mpya

Asanteni sana. Samahani kwa kukaa kimya, nilitaka nirudi na jambo la kueleweka.

Metroni, ulikisia sawa, usiku ni muuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Nilifanya zamu nao kama ulivyosema, na mhudumu alikuwa huyohuyo mama wa kanga. Ufunguo wa stoo anao mhasibu. Anaondoka saa kumi jioni. Kila mzee anahesabiwa pampasi mbili na zamu nzima inaachiwa glavu za kuhesabu, zikiisha mhudumu anavaa mifuko ya nailoni mikononi. Hilo nililiona kwa macho yangu. Mimi mchana nikihitaji kitu namwambia mhasibu ananiletea, sikuwa na sababu ya kulijua.

Sasa babu. Saa nne tulimwendea. Nikasema tumgeuze kushoto. Mama akanishika mkono, "ngoja kwanza", akaenda getini kumwita mlinzi. Mlinzi ni mtu wa Kasulu, kulekule Kigoma! Akasimama mlangoni akaongea na babu kwa Kiha, babu akajibu maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema. Mlinzi akageuka: anasema upande ule mfupa unakata, msimlaze huko, mnamuua.

Nyonga iliyovunjika ni ya kushoto. Kila wanapomgeuza analia, wao wanamwonea huruma, wanamrudisha chali. Analala chali usiku kucha, na kidonda kiko palepale anapolalia. Nikamwuliza mama alijua lini. Akasema tangu mvua za masika. Nikamwuliza mbona hakusema. Akanitazama tu, akaendelea kukunja shuka.

Siku hiyohiyo nilimwona daktari anayetutembelea, akaandika dawa ya maumivu ya kawaida, anapewa nusu saa kabla ya kugeuzwa usiku. Na hatumlazi ubavu kamili tena, tunamwinamisha kidogo tu kulia kwa mto, kama theluthi ya njia, kisha kushoto kidogo sana huku nyonga imeegemezwa. Anagumia lakini hapigi kelele. Mama ndiye anayewaonyesha wenzake namna ya kuweka mto. Kanga sijaiona tena, ila sijui kama ni kwa sababu yangu au imechafuka.

Nimewapima wote kwa Braden. Wa saa mbili wamebaki watano. Mmoja wao anatembea! Ni mzee mwembamba anayekaa kwenye kiti cha mbao barazani kutwa nzima, sikuwahi kumfikiria.

Swali langu la mwisho: mkurugenzi bado anataka barua. Anasema bodi inakutana na anahitaji kuonyesha hatua zilizochukuliwa. Na kuna muuguzi wa usiku, kijana mwenzangu, ndiye hasa mwenye ule mwandiko mmoja kwenye chati zote. Huyu naye nimwache?

Metroni Mstaafu

Mkurugenzi mpe karatasi, karatasi anaipenda, lakini mpe nyingine. Ukurasa mmoja. Juu weka hesabu ya 54 na saa nne na nusu. Chini yake alama za Braden kwa namba za vitanda, bila majina. Kisha maombi matatu tu: ufunguo wa stoo ukae na muuguzi wa zamu na daftari la kutoa vitu, magodoro mawili ya haraka la babu likiwa la kwanza, na mhudumu wa pili usiku. Hilo la tatu atakataa, liweke hivyohivyo. Akikataa mwombe mhudumu wa kuanzia saa 2 hadi saa 6, maana hapo ndipo dawa, pampasi na kulaza vinapogongana. Usiende na maneno ya huruma, bodi nyingi ni wafanyabiashara, wapigie gharama: vifaa vya kufungia kidonda kwa miezi, na gari la kwenda na kurudi hospitali, dhidi ya mshahara wa mtu mmoja.

Kijana wa mwandiko mmoja humwachi. Yeye ndiye mwenye leseni usiku ule, mhudumu hana. Alijua babu analia akigeuzwa, alipaswa kuandika maumivu, akaandika msumbufu. Lakini usimuunganishe na wahudumu kwenye barua moja. Mwite peke yake, mlango ufungwe, muwekee chati na picha ya kidonda mezani, mwache aongee kwanza. Mwambie chati mpya inaanza tarehe fulani, na kwamba asipoweza kugeuza aandike "haikufanyika" na sababu, na wewe hutamgombeza kwa nafasi iliyoandikwa hivyo. Na uitimize ahadi hiyo, maana wiki ya kwanza utaona nyingi na moyo utakuuma. Baada ya tarehe hiyo akikuwekea vema ya uongo, mwite Mkwezi akuandikie tuhuma. Hapo hatakuwa na pa kujificha na wewe dhamiri yako itakuwa safi.

Huyo mzee wa kiti cha mbao mwekee mto wa kukalia na mumsimamishe kila saa, hata kama ni kuzunguka nguzo ya baraza na kurudi.

Na hujasema kidonda cha babu kimefikia wapi. Kinatoa harufu? Kuna weusi pembezoni, au mfupa unaonekana? Ana homa, au hali chakula? Kama jibu ni ndiyo kwa lolote hapo, mpeleke hospitali ya Bombo kesho asubuhi, usisubiri bodi. Na uji wake uongezewe yai na karanga kuanzia leo, asipokula kidonda hakifungi hata umgeuze kila dakika.